Poka ya mashindano: ukikaa na watu wasiotupa karata

Kila baada ya mashindano ya wikendi naulizwa swali lile lile: "Kaka, nimejifunza mchezo, najua hesabu, lakini hawa watu hawatupi karata. Nikipiga mkwara wananilipa. Nikilamba ree mbili wananilipa wanne, mmoja ananitoa kwa galasa. Nawachezaje?"

Acha kuwacheza kana kwamba wanajua unachokijua. Mchezaji dhaifu ana akili zake timamu. Kinachomponza ni hamu ya kuona. Anataka kujua umeshika nini, na yuko tayari kulipia ajue. Kazi yako ni kuwa na karata nzuri siku anapolipa, na kumtoza bei ya juu.

Ninachoeleza hapa ni Texas Hold'em (poka ambayo kila mtu hushika karata mbili zake, na tano za pamoja hufunuliwa mezani) ya mashindano madogo, watu 30 hadi 60, kama yale ya kasino za Dar au Nairobi, ambako nusu ya meza wamekuja kupumzisha kichwa baada ya kazi. Kwa wanaoanza, tuelewane maneno: kulipa ni kufuata dau la mwenzako, kupandisha ni kuongeza juu yake, kutupa ni kuacha karata zako, kugonga ni kupitisha bila kuweka kitu. Flopu ni zile karata tatu za kwanza zinazofunuliwa katikati ya meza. Poti ni chipu zote zinazogombewa. Blindi ni madau mawili ya lazima, dogo na kubwa, ambayo watu wawili walio kushoto kwa mgawaji huweka kabla ya karata kugawiwa. Mkwara ni kuweka dau bila karata za maana ili mwenzako atupe. Ree ni A, galasa ni karata duni, na mkono ni karata ulizoshika au mgao mmoja wa mchezo.

Kabla hujakaa mezani

Hakikisha una haya:

- Ngazi za mikono kichwani, kutoka jozi hadi mfululizo wa rangi moja, bila kuchungulia karatasi.
- Kiingilio ambacho ukikipoteza leo, kesho kodi, ada na chakula viko palepale. Kama mashindano yanaruhusu kununua chipu upya, weka pembeni pesa ya kununua mara moja tu. Pesa ya mkopo isiingie kabisa.
- Umri unaoruhusiwa na sheria ya nchi unakochezea, na mahali penye leseni.
- Majibu ya maswali manne kutoka kwa msimamizi: unaanza na chipu ngapi, blindi zinapanda kila baada ya dakika ngapi, kununua upya kunafungwa lini, wanalipwa wangapi.
- Tumbo lililokula na kichwa kisicho na pombe. Mashindano ya watu 40 yanaweza kuchukua zaidi ya saa tano, na makosa makubwa hutokea katika saa ya nne ya mchezo.

Katika mifano yangu tuchukulie watu 40, kiingilio TSh 50,000, kila mtu anaanza na chipu 20,000, blindi 100 na 200. Chipu hizo ni sawa na blindi kubwa 100. Jizoeze kuhesabu rundo lako kwa blindi kubwa kila ngazi inapobadilika, kwa sababu hatua karibu zote zinategemea namba hiyo.

Hatua kwa hatua

1. Nusu saa ya kwanza, tazama zaidi ya unavyocheza.

Karata zinapofunuliwa mwishoni, usiangalie simu hata kama ulishatupa. Yule aliyelipa mara tatu ameonyesha nini? Ukiona K-4 za rangi tofauti (yaani maua tofauti, kama kopa na pau), umepata habari ya thamani kuliko poti yenyewe. Wapange watu wa meza yako katika makundi matatu. Mlipaji huingia kwa blindi tu, halafu hulipa mpaka mwisho akiwa na jozi yoyote. Mwoga hutupa karibu kila kitu, akipandisha ana mkono mzito. Mrushaji hupandisha kila mara, tena kwa kelele. Kila mmoja ana dawa yake, na dawa ya mlipaji ukimpa mwoga itakudhuru wewe.

2. Pandisha kwa kiasi kikubwa kuliko ulichosoma.

Wengi wamefundishwa kufungua kwa mara mbili na nusu ya blindi kubwa. Mbele ya walipaji kiasi hicho ni karibisho. Anza na mara nne, kisha ongeza blindi moja kwa kila aliyekwisha kuingia. Wakiingia watatu kwa 200, wewe weka 1,400. Ukiona bado wanalipa wanne, raundi ijayo weka 1,800 au 2,000. Huna haja ya kuogopa kwamba watajua una karata nzuri. Mlipaji haangalii ukubwa wa dau lako, anaangalia karata zake mbili.

Sababu ya kupunguza watu ni hii: ree mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote hushinda takriban mara 85 kati ya 100. Dhidi ya wanne, hushuka hadi kama 56. Karata ni zile zile, kilichobadilika ni idadi ya watu uliowaachia nafasi.

3. Badilisha karata unazoingia nazo.

Karata kama K-J au Q-10 za rangi tofauti zinapendeza machoni, lakini watu watano wakiwa ndani huishia kukupa jozi ya pili kwa ubora. Zitupe ukiwa nafasi za mwanzo, unapoamua kabla ya wengi. Jozi ndogo, kuanzia mbili mbili hadi saba saba, zinapanda bei, kwa kuwa ukipata ya tatu kwenye flopu mlipaji atakupa chipu zake zote. Utaipata takriban mara 1 kati ya 8 au 9, basi lipa tu kama yule unayemwinda ana chipu zisizopungua mara 15 ya unachotakiwa kuweka. Ree na karata nyingine ya ua lile lile (kopa, shupaza, uru au pau) nayo ni nzuri, maana watu hawa hulipa kwa furaha wakiwa na rangi, yaani karata tano za ua moja, iliyo ndogo kuliko yako.

4. Acha mkwara.

Hili ndilo gumu kuliko yote kwa mtu aliyejifunza, kwa hiyo nitalikalia kidogo. Mkwara ni biashara ya kumtisha mtu anayeweza kutishika. Fanya hesabu: poti ina 3,000, unaweka 3,000 bila kitu mkononi. Ili usile hasara, mwenzako lazima atupe angalau nusu ya mara zote. Mlipaji wetu anatupa, tuseme, mara moja kati ya tano. Katika mara tano hizo utapata 3,000 mara moja na kupoteza 3,000 mara nne. Umetoka na hasara ya 9,000, kwa mchezo ambao ungeuona kwenye video ungeuita wa kishujaa.

Watu huniambia, "Lakini hadithi yangu ilikuwa na mantiki, nilicheza kama mtu mwenye rangi." Hadithi inahitaji msikilizaji. Mtu aliyeshika jozi ya nane hasikilizi hadithi yako, amefurahi kwamba ana jozi.

Naruhusu mkwara mmoja tu. Mko wawili, wewe ndiye uliyepandisha, flopu ni kavu (mfano K-7-2 za rangi tofauti): weka theluthi ya poti mara moja. Karata mbili zisizo jozi hupata jozi au zaidi kwenye flopu kama mara 1 kati ya 3 tu, kwa hiyo hata mlipaji mara nyingi hana kitu hapo. Akilipa, funga duka. Usiweke tena kwenye karata ya nne wala ya tano.

5. Ukiwa na karata, toza mara tatu.

Hapa ndipo chipu zinapotoka, na hapa ndipo nawaona wengi wakiweka madau ya aibu, eti wasimkimbize mtu. Mlipaji hakimbii.

Nitakupa mkono mmoja niliocheza mwenyewe. Blindi 200 na 400. Mzee mmoja mpole aliyekaa mkono wangu wa kulia ameingia kwa 400, kama alivyofanya karibu kila mkono. Mimi nina A-Q. Napandisha hadi 2,000. Wengine wote wanatupa, yeye analipa bila kuangalia chipu anazosogeza. Poti 4,600. Kila mmoja wetu amebakiwa na 22,000.

Flopu: Q-8-3, rangi tofauti. Anagonga. Naweka 3,500. Analipa. Poti 11,600.

Karata ya nne: 5. Anagonga, anakohoa kidogo, anarudia kutazama karata zake. Mtu mwenye mkono mzito haendi kuukagua tena namna ile. Naweka 8,500. Analipa. Poti 28,600.

Karata ya tano: 2. Nimebakiwa na 10,000. Naziweka zote. Anafikiri kama dakika nzima, anasema, "Ngoja nione tu," na analipa. Ana Q-7.

Nimepata kwake chipu 24,000. Sasa cheza mkono huo huo kwa woga: 1,500 kwenye flopu, 2,500, kisha 4,000. Angelipa zote, nami ningepata 10,000 tu, zikiwemo zile 2,000 za mwanzo. Chipu 14,000 zingebaki kwake kwa sababu ya aibu yangu.

Dau kubwa lina faida nyingine. Mtu anayesubiri karata ya tano imkamilishie rangi huipata karibu mara 1 kati ya 5. Ukiweka theluthi ya poti, bei yake ni sawa kabisa na nafasi yake, hajakosea kulipa. Ukiweka robo tatu, anahitaji kushinda mara 3 kati ya 10 ili asile hasara, na hana hizo. Atalipa bado, ila sasa analipa kwa kosa, na makosa yake ndiyo faida yako hata siku rangi inapomjia.

6. Mpole akipandisha, toka.

Mtu ambaye saa nzima amekuwa akigonga na kulipa, ghafla kwenye karata ya nne anapandisha dau lako mara tatu. Hapigi mkwara. Ana jozi mbili, au tatu sawa, au zaidi. Tupa ree zako mbili. Najua inauma. Niliwahi kupoteza nusu ya rundo langu kwa sababu nilijiambia, "Huyu hajui mchezo, hawezi kuwa na kitu." Kutojua mchezo hakumzuii mtu kupata tatu sawa. Mtu asiyejua mchezo ndiye anayekwambia ukweli kwa dau lake, kwa kuwa hajajifunza kudanganya.

Sheria hii haimhusu mrushaji. Yeye akipandisha, jozi ya juu (uliyopata kwa karata kubwa kuliko zote zilizofunuliwa mezani) inatosha kulipa mpaka mwisho. Wala usimpandishie. Mwachie aendelee kurusha.

7. Blindi zinapopanda, rahisisha mchezo.

Ukiwa na zaidi ya blindi kubwa 40, endelea na hatua zilizotangulia. Kati ya 20 na 40, acha kulipa kwa jozi ndogo, chipu za kuwinda hazitoshi tena. Chini ya 15, kazi yako ni kuweka zote au kutupa.

Lakini weka zote kwa karata zipi? Majedwali mengi ya poka yanakwambia unaweza kusukuma, yaani kuweka zote, hata kwa 7-6 za ua moja ukiwa nafasi ya mgawaji. Majedwali hayo yanategemea wenzako watupe inavyopasa. Mlipaji halitambui jedwali, atakulipa kwa ree na chochote. Kwa hiyo sukuma karata zinazopenda kulipwa: jozi kuanzia nane nane, A-J kwenda juu, na A-10 ukiwa karibu na mgawaji. A-10 ikikutana na A-7 hushinda karibu mara 7 kati ya 10, na kwa watu hawa utakutana na A-7 mara nyingi kuliko unavyodhani.

8. Karibu na malipo, wajue wanaoogopa.

Hapa mkwara unarudi, kwa baadhi ya watu tu. Tuseme msimamizi analipa watano: 800,000, 500,000, 300,000, 220,000 na 180,000. Wa sita anatoka mikono mitupu. Angalia pia kwamba anayekusanya chipu zote za mashindano anapata 800,000 kati ya 2,000,000. Maana yake chipu unazopoteza zina uzito kuliko unazoongeza, na wenye rundo la kati wanalihisi hilo hata kama hawajui hesabu yake. Wanaanza kuuliza wamebaki wangapi. Wanasimama kuchungulia meza ya pili. Hao ndio wa kupandishia, mara mbili ya blindi inatosha, na blindi zao utazichukua bila kuonyesha karata.

Mwenye rundo kubwa anayecheka na jirani, na yule aliyebakiwa na chipu chache anayesema "liwalo na liwe", usiwaguse bila karata.

Makosa ninayoyaona kila wiki

Kumfundisha mtu mezani. "Ungetupa hapo, bosi, nafasi yako ilikuwa ndogo." Umemwaibisha mtu aliyelipa kiingilio kama wewe, na umemfundisha kutupa. Yote mawili yanakugharimu, na la kwanza ni utovu wa adabu. Akikutoa kwa galasa, mwambie umecheza vizuri, kwa moyo. Meza yenye furaha hulipa, na zaidi ya hapo, watu wale wamekuja kustarehe na wana haki hiyo.

Kucheza kwa hasira dhidi ya mtu mmoja. Umepigwa na dada wa kiti cha tatu, sasa unamsubiri yeye tu. Chipu hazina kumbukumbu ya nani alizichukua. Ziko popote zilipo.

Kufungua karata zako baada ya mkwara uliofaulu. Umejipatia tabasamu moja, na kuanzia hapo hata mwoga atakulipa.

Kugonga ukiwa na mkono mzito ili "kumtega". Mlipaji hatakuwekea dau. Atagonga nawe, ataona karata ya bure, na umepoteza zamu nzima ya kumtoza.

Ukikwama

"Nimeweka zote nikiwa mbele, nimepigwa na karata ya mwisho, kila wiki." Ukiweka zote mara tano katika mashindano, kila mara ukiwa na nafasi ya 80 kwa 100, uwezekano wa kupona zote tano ni kama 1 kati ya 3. Hakuna aliyekuroga. Dawa ni kupunguza idadi ya mara unazohatarisha rundo zima: jenga chipu mapema kwa hatua ya 5, ili unapokutana na mlipaji wewe ndiye mwenye rundo kubwa, ukipigwa unabaki.

"Karata hazinijii." Mezani utagawiwa mikono 25 hadi 30 kwa saa. Jozi huja mara 1 kati ya 17, ree mbili mara 1 kati ya 221, yaani kama mara moja kwa saa nane. Ukame ni hali ya kawaida. Usianze kuziona K-6 kuwa nzuri kwa sababu umesubiri dakika 40.

"Nimepandisha sana na bado wamelipa wanne." Basi flopu ikikukosa, gonga na utupe, bila kinyongo. Ikikupa jozi ya juu tu, weka dau moja la nguvu kwenye flopu, kisha angalia nani amebaki. Wawili wakilipa na mmoja akapandisha, rudi hatua ya 6.

"Kuna mrushaji mmoja, meza nzima imevurugika." Viti vinapigiwa kura, huwezi kuchagua. Ukibahatika akawa kulia kwako, anarusha kabla yako, na wewe unaamua ukijua alichofanya. Akiwa kushoto, punguza karata unazofungulia, gonga ukiwa na mkono mzuri na umwache aweke dau mwenyewe. Hapo tu ndipo kutega kunafaa.

"Mtu anayejua mchezo amehamishiwa mezani kwangu." Utamtambua: anapandisha au anatupa, haingii kwa blindi tu, na anaangalia watu badala ya karata. Dhidi yake peke yake rudi kwenye mchezo wako wa kawaida, na usiingie poti kubwa naye wakati walipaji watano bado wamekaa.

"Nafika karibu na malipo nikiwa na blindi sita." Umesubiri kupita kiasi. Kagua mikono uliyocheza kati ya saa ya pili na ya tatu: mara ngapi ulikuwa na jozi ya juu ukagonga kwenye karata ya tano kwa hofu? Kwa wengi walioniuliza hili, jibu lilikuwa hapo.

"Nimefuata yote mashindano sita, sijalipwa." Watu 40, wanalipwa 5. Mchezaji wa kawaida hulipwa mara 1 kati ya 8. Ukiwa bora mara mbili yake, bado mara 3 kati ya 4 utarudi nyumbani bila kitu, na sita mfululizo bila malipo yatakupata zaidi ya mara moja kwa mwaka ukicheza kila wiki. Andika kwenye daftari mikono mitatu mikubwa ya kila mashindano: ulikuwa na nini, uliweka kiasi gani, alikulipa kwa nini. Baada ya kurasa kumi, tuonane tuisome pamoja.